Uwanja upo, timu haipo: Je, NHL itarudi Quebec?

Mwaka 1995 Quebec City, Canada, ilipoteza timu yake ya hoki ya barafu, Nordiques, iliyohamia Denver, Marekani. Msimu uliofuata tu, ikabeba Kombe la Stanley kwa jina la Colorado Avalanche.

Winnipeg inawapa moyo mashabiki: timu yao iliondoka 1996, wakapata nyingine kutoka Atlanta 2011. Quebec nayo ilifungua uwanja mpya 2015, lakini mwaka uliofuata NHL ikaichagua Las Vegas. Na 2024, wachezaji wa Arizona walipohamishwa, walipelekwa Salt Lake City.

Shida ni hesabu. Mishahara hulipwa kwa dola ya Marekani, tiketi zinauzwa kwa dola ya Canada, iliyo dhaifu. Wanaosubiri timu ihame, waangalie na bei ya dola.