Jiko Safi Lisilotengenezeka Hurudisha Mkaa

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha ya kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Shabaha hiyo ni njema, hasa kwa nyanda za kati, ambako mvua ni haba na miti inayogeuzwa mkaa huiacha ardhi wazi kwa mmomonyoko. Dodoma yaijua hasara hiyo tangu zamani: mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianzishwa mwaka 1973 ili kupambana na makorongo ya Kondoa na sehemu nyingine za mkoa. Hata hivyo, panapozungumzwa nishati safi, habari ya kununua vyombo hutajwa sana, na habari ya kuvitengeneza husahauliwa.

Jiko la mkaa lina sifa moja ambayo hata wapinzani wake hawana budi kuikiri, nayo ni kwamba hutengenezeka. Mguu ukikatika, fundi bati hukata kipande cha bati kuukuu, akakipigilia, na jioni ugali ukapikwa. Jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja ya umeme; lakini likizimika, huwekwa uvunguni, na mwenye nyumba akarudi kwenye gunia la mkaa.

Mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo. Ndani ya vyombo vingi vya umeme vya jikoni mna fyuzi ya joto, kidude kidogo kinachokata mkondo mara joto linapopita kiasi. Kikishakata hakirudi katika hali yake, lakini kukatika kwake si kufa kwa chombo kizima. Tena maji ya visima vya nyanda hizi mara nyingi ni magumu. Yachemshwapo, bikaboneti ya kalsiamu huvunjika, na kaboneti ya kalsiamu hujenga ukoko mweupe ndani ya birika. Ukoko hupitisha joto kwa shida; kitako cha birika huzidi kupata moto, na swichi huweza kukata umeme kabla maji hayajachemka. Dawa yake ni siki au maji ya ndimu, wala si birika jipya.

Basi ugumu hautoki katika sayansi ya chombo, bali katika namna kinavyoundwa na kuuzwa. Vifuniko hugandishwa kwa gundi au kufungwa kwa skrubu zisizoingia bisibisi ya kawaida. Mchoro wa nyaya hautolewi. Kipuri kidogo hakiuzwi peke yake, au sharti kiagizwe Dar es Salaam, umbali wa kilometa 450 hivi. Ukijumlisha nauli, kipuri na ujira wa fundi, gharama hukaribia bei ya chombo kipya.

Wako wanaodai kwamba vyombo hufungwa hivyo kwa usalama wa mtumiaji. Hoja hiyo ina ukweli, kwani umeme wa volti 230 huua. Lakini fundi aliyekosa fyuzi ya shilingi chache hushawishika kuunganisha kipande cha waya mahali pake, na hapo kinga dhidi ya moto huwa imeondolewa. Hivyo uhaba wa vipuri wenyewe huzaa hatari.

Mataifa mengine yamekwisha kuanza kuchukua hatua. Tangu mwaka 2021 Ufaransa huwataka wauzaji wa baadhi ya vyombo vya umeme waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, ya urahisi wa kutengenezeka. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, lingefaa kudai mchoro wa nyaya kwa Kiswahili na vipuri vya msingi kwa kila aina ya jiko la umeme linaloingizwa nchini.

Shule nazo zina sehemu yao, hasa sasa ambapo mkondo wa amali umeingizwa katika elimu ya sekondari. Birika la wati 2,000 katika volti 230 huchukua mkondo wa ampea 8.7, na ukinzani wake ni karibu omu 26. Mwanafunzi mwenye mita, chini ya uangalizi wa mwalimu na kwa birika lililochomolewa ukutani, akipata omu 26 hujua kuwa njia ya umeme ni nzima. Mita isiposoma kitu, ajue imekatika, na kazi yake ni kutafuta mahali ilipokatika. Somo hilo halihitaji maabara ya fahari. Lahitaji birika bovu, nalo halikosekani.

Idadi ya majiko yaliyouzwa ni kipimo pungufu cha mafanikio ya Mkakati. Ifaacho kuhesabiwa mwaka 2034 ni majiko yanayopika.