Kifundo cha Mkono Kisikunjwe

Katika bonde la Kitante, baina ya vilima vya Nakasero na Kololo, umo uwanja wa gofu. Kosa la wengi wanaojifunza mchezo huo ni kukunja kifundo cha mkono wakitaka kuunyanyua mpira, ilhali mlalo wa uso wa fimbo ndio uuinuao. Fimbo hugonga ardhi, kifundo hutetereka. Na askari aliyeumia kifundo hashiki silaha barabara.

Atumiaye mkono wa kulia achomeke rula chini ya ukanda wa saa, mkono wa kushoto, ilale juu ya mgongo wa kiganja. Apunge fimbo polepole pasipo mpira, mikono ikiitangulia fimbo. Rula ikimbana, kifundo kimekunjika, aanze tena. Watoto wakae mbali.