Hita ya Bafuni: Pima Kabla ya Kununua

Ndugu msomaji, aghalabu hita ya kupasha maji papo hapo huingia nyumbani kwa ajili ya watu wawili: mzazi aliye katika arubaini yake, na mzee ambaye viungo vyake havistahimili tena maji baridi. Nia ni njema. Lakini wengi wafikapo dukani huulizia iliyo na nguvu zaidi, wakidhani kubwa ndiyo bora. Sivyo. Kanzu hushonwa kwa kipimo cha mvaaji, na hita hali kadhalika.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni wingi wa maji. Weka ndoo ya lita 20 chini ya shawa, uifungue kama uogavyo. Ikijaa kwa dakika 5, maji yako ni lita 4 kwa dakika. Cha pili ni joto la kuongeza. Maji ya tangi hapa Mombasa yakiwa nyuzijoto 28, nawe wataka 40, pengo ni nyuzi 12. Sasa zidisha: lita 4, mara nyuzi 12, mara wati 70. Jawabu ni wati 3,360. Hita ya kilowati 3.5 yatosha. Ndugu yako aliyeko Nairobi, maji yake yakiwa nyuzi 19, atahitaji takriban wati 5,900. Basi usimwige. Ila mabafu mawili yakitegemea hita moja kwa wakati mmoja, hesabu huwa maradufu.

Ukubwa usio na haja una madhara. Hita ya kilowati 5.5 katika umeme wa volti 240 huvuta ampea 23, ilhali plagi ya ukutani hukadiriwa ampea 13. Hata ile ya kilowati 3.5 hupita kiwango hicho. Kwa hiyo kila hita na ipewe waya wake mnene, swichi yake, waya wa ardhi, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Nyumba zetu kongwe zina waya za zamani. Fundi wa umeme azikague kwanza.

Tena kuna chumvi. Maji ya chumvi ya kisimani hula koili, na hupitisha umeme upesi kuliko maji matamu. Mweleze muuzaji waziwazi maji yako ni ya wapi. Zipo hita zilizotengenezwa kwa maji ya chumvi.

Enyi akina mama, ndoo na saa mnazo. Pimeni, andikeni tarakimu zenu, ndipo mtume mtu dukani. Kilichonunuliwa kwa kumstarehesha mgonjwa kisije kikamdhuru.

Wabillahi tawfiq.