Swichi ndogo, ndege kubwa: nani anahakikisha imebadilishwa?

Bulengera ni mahali ambapo watu wanajua vizuri harufu ya waya unaoungua. Jenereta inazimwa, umeme unarudi kwa nguvu, swichi iliyolegea ukutani inaanza kupata moto polepole, na kesho yake mwenye duka anahesabu hasara. Kwa hiyo hatuhitaji injinia wa Ulaya kutufundisha kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kuunguza kitu cha bei kubwa. Lakini ni wachache wanaofikiri kwamba hesabu hiyohiyo iko katika ndege wanayopanda pale Mavivi ao Rughenda.

Na kupanda, tunapanda. Siyo juu ya utajiri. Barabara ya Beni kwenda Kasindi na ile ya kwenda Komanda zimekula watu wengi katika mashambulizi ya ADF. Goma iko umbali wa kilometa kama 300, lakini tangu mji uanguke mikononi mwa M23 mwisho wa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa kwa abiria. Mfanyabiashara wa Butembo anayetaka kufika Kinshasa hana njia ingine ya maana isipokuwa ya juu. Anayekwenda Guangzhou ao Dubai anavuka Kasindi, anafika Entebbe, kisha anapanda. Mtu asiye na njia ya pili hana nguvu ya kuchagua ndege. Ndiyo sababu tunaona suala hili la swichi lisiachwe kwa mafundi peke yao.

Swichi, ile wengine wanaita interrupteur, ni kitu rahisi: vipande viwili vya chuma vinagusana, umeme unapita; vinaachana, umeme unakatika. Kila mara vinapoachana cheche ndogo inaruka. Ikiruka maelfu ya mara, uso wa chuma unakuwa mweusi na wenye mashimo, hauguswi vizuri tena, na pale umeme unapita kwa shida joto linazaliwa. Ongeza vumbi la viwanja vya udongo, unyevu wa milima yetu, mitetemo ya injini. Siku moja plastiki inalainika, waya unabaki uchi. Nyumbani utaona moshi ukutani. Katika ndege swichi nyingi haziko mbele ya macho ya rubani. Ziko nyuma ya ukuta wa kabini, katika pampu, hata ndani ya tangi la mafuta.

Ndiyo, ndani ya tangi. Kuna swichi ya kuelea, inayofanya kazi kama floteri ya sisterni ya maji: mafuta yanapanda, swichi inapanda nayo, tangi ikijaa inaamuru valvu ijifunge. Tarehe 11 Mei 1990, katika uwanja wa Manila, Boeing 737-300 ya Philippine Airlines, ndege ambayo haikuwa hata na umri wa mwaka mmoja, ilikuwa inasukumwa kutoka mahali pa abiria wakati tangi lake la katikati lililipuka. Watu 8 walikufa. Tangi lilikuwa karibu tupu, na hapo ndipo hatari ilipo: mafuta mengi hayalipuki kirahisi, mvuke wa mafuta ndani ya tangi tupu lenye joto ndio unaolipuka. Wachunguzi walielekeza macho yao kwa nyaya za swichi ya kuelea. Waliona pia kwamba ndege ilikuwa imeongezewa taa baada ya kutoka kiwandani, na nyaya za taa hizo zilipitishwa pamoja na zile za tangi.

Wachunguzi wa Marekani, NTSB, waliomba swichi hizo na nyaya zake zikaguliwe katika ndege zingine za aina ile. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, haikukubali kulifanya jambo hilo kuwa lazima. Miaka 6 ikapita. Tarehe 17 Julai 1996, Boeing 747 ya TWA iliyotoka New York kwenda Paris ililipuka juu ya bahari na watu 230 wakafa. Tangi la katikati tena, mvuke tena, na sababu iliyoonekana kuwa karibu zaidi na ukweli: umeme uliovuka kutoka waya mmoja hadi waya mwingine na kuingia katika tangi. Mwaka 2001 ndipo FAA ililazimisha viwanda kuchunguza upya kila kitu kinachoweza kuwasha moto katika matangi. Kutoka hapo yakaja maagizo mengi, ukurasa kwa ukurasa: badilisha pampu hii, linda waya ule, toa swichi hii uweke mpya.

Kuna mtu atasema: hayo ni mambo ya Manila na New York. Basi tuje karibu. Tarehe 2 Septemba 1998, ndege MD-11 ya Swissair iliyokuwa inatoka New York kwenda Geneva ilianguka baharini karibu na Kanada, watu 229 wakafa. Kati yao alikuwa Jonathan Mann, daktari Mmarekani ambaye mwaka 1984 alianzisha Projet SIDA kule Kinshasa, na bibi yake Mary Lou Clements-Mann. Kutoka rubani asikie harufu hadi ndege kugonga maji zilipita dakika kama 21. Cheche ilitoka katika nyaya juu ya dari, na mmoja wa nyaya zilizohusika ulikuwa wa mtambo wa sinema na michezo, ulioongezwa katika ndege baada ya kununuliwa. Marubani walikuwa na swichi ya kukata umeme wa kabini. Lakini mafundi walikuwa wameunganisha mtambo ule kwa njia ingine ya umeme, hivi kwamba swichi ile haikuuzima. Rubani anakata, mtambo unaendelea kula umeme.

Tunasimama hapa kidogo, maana hapa ndipo tunaona jambo ambalo linatugusa sisi. Manila na Swissair zinafanana: kinacholeta shaka siyo tu kipande cha kiwanda, ni kitu kilichoongezwa kisha. Na ndege zinazofika kwetu, nyingi zimepitia mikono mingi. Zilizaliwa Ulaya, Marekani ao katika inchi za iliyokuwa Soviet, zikauzwa, zikabadilishwa viti, redio, taa, zikauzwa tena. Kila mwenye ndege aliongeza waya wake. Mwenye nyumba ya kupanga ya Butembo anajua: usimuulize fundi wa kwanza alifanya nini, uliza wa tatu na wa nne. Swali la umri wa ndege, ambalo watu wanalipenda, kwetu ni la pili. La kwanza ni kama karatasi za kazi zote zilizofanywa juu yake zipo na zinasomeka.

Hata ndege mpya inaweza kuwaka. Tarehe 12 Julai 2013, Boeing 787 ya Ethiopian Airlines, kampuni ambayo wafanyabiashara wetu wengi wanaipanda, iliwaka moto ikiwa imepaki tupu London, uwanja wa Heathrow. Chanzo kilikuwa kifaa kidogo karibu na mkia, kile kinachotoa mwito wa redio ndege ikianguka: nyaya za betri yake zilikuwa zimebanwa chini ya kifuniko. Kifaa cha kuokoa watu ndicho kilichotoboa ndege. Lakini tazama namna mambo yalivyokwenda. Katika mwezi uleule wa Julai, FAA iliagiza vifaa hivyo vitolewe ao vikaguliwe katika 787 za Marekani, na makampuni mengine yakaangalia za kwao. Ndege ile ilitengenezwa na kurudi kazini mbele ya mwaka kwisha. Tofauti kati ya 1990 na 2013 siyo akili ya mafundi. Ni kwamba safari hii agizo lilitoka mara moja.

Sasa, agizo likitoka, linafikaje Mavivi? Njia yake ni hii. Inchi iliyotengeneza ndege ndiyo inayotoa agizo la usalama, kwa Kifaransa consigne de navigabilité: FAA kwa Boeing na Cessna, mamlaka ya Ulaya, EASA, kwa Airbus, ATR na hata LET 410 ya Wacheki. Kisha inchi ambamo ndege imeandikishwa inapaswa kulichukua na kuhakikisha kampuni inalitimiza. Kwa ndege zenye alama ya 9S ao 9Q, kazi hiyo ni ya Autorité de l'Aviation Civile, AAC, ya Kinshasa, chini ya sheria ya anga ya tarehe 31 Desemba 2010. RVA, ambayo abiria anaiona uwanjani kwa sababu inamlipisha, kazi yake ni viwanja na njia za anga. Watu wanachanganya mambo haya mawili, na malalamiko yanapelekwa kwa mlango usio wake.

Umoja wa Ulaya, tangu 2006, umeweka makampuni ya inchi yetu katika orodha yake nyeusi. Wengi wanaona ni dharau ya wazungu. Sisi tunasoma tofauti: Ulaya haikupima kila ndege na kukuta swichi mbovu. Kinachotiliwa shaka ni macho ya serikali, yaani kama kuna mtu anayethibitisha kwamba maagizo yametimizwa. Ndiyo maana orodha inagusa makampuni yote kwa pamoja, hata ile inayojitahidi.

Lazima tuseme ukweli mwingine. Ajali zilizotuumiza zaidi hazikuanza na swichi. Ile Dornier 228 ya Busy Bee iliyoanguka Goma tarehe 24 Novemba 2019 ikiwa inakuja Beni, na kuua zaidi ya watu 20, hatuitaji hapa kama moto wa umeme. Vilevile DC-9 ya Hewa Bora iliyoingia katika nyumba za Birere tarehe 15 Aprili 2008. Milima, mvua, injini, uzito: hayo ndiyo yanayotajwa mara nyingi kwetu. Na Cessna Caravan haina tangi la katikati kama la Boeing. Mtu anaweza kusema basi swichi ni jambo la mwisho. Hatukubaliani naye. Kubadilisha swichi ni kazi ambayo kila kitu chake kinajulikana mbele: namba ya kipande, tarehe ya mwisho, saini ya fundi. Kampuni ambayo haiwezi kuonyesha karatasi ya kazi hiyo nyepesi, itatuonyesha nini juu ya injini?

Bei ya kipande siyo kizuizi. Kizuizi ni siku. Ili kufikia swichi iliyo ndani ya tangi, ndege ilale chini, mafuta yatolewe, tangi lipigwe hewa, fundi mwenye leseni aingie, apime, asaini. Kampuni yenye ndege mbili ikisimamisha moja imepoteza nusu ya kazi yake, na abiria wanapiga kelele pale kwenye mlango wa ofisi. Tunaelewa. Lakini kelele hizo zingepungua kama abiria wangeambiwa ndege imesimama kwa nini. Siku hizi wanaambiwa tu "hali ya hewa", hata jua likiwaka.

Kuna pia jambo la kopi. Butembo ni mji wa biashara. Hapa mtoto wa miaka kumi anatofautisha piyesi ya orijino na ya kopi, na baba yake anajua muuzaji gani wa Guangzhou anatoa zote mbili katika katoni moja. Tusidhani ndege zimeokoka. Mwaka 2023 iligunduliwa kwamba AOG Technics, kampuni ndogo ya London, iliuza vipande vya injini vyenye karatasi za uongo, na makampuni makubwa yalilazimika kusimamisha ndege na kufungua injini za CFM56, zile zinazobeba Boeing 737 na Airbus A320 nyingi za dunia. Karatasi ya kipande, ambayo EASA inaita Form 1, ni kitambulisho chake. Kama London walidanganywa, nani anasoma kitambulisho hicho pale ndege inapotengenezwa kwetu?

Tunachoomba AAC siyo mitambo ya mamilioni. Iwe inatangaza, kwa kila ndege inayobeba abiria kwenda Beni na Butembo, namba ya ndege, maagizo ya usalama yanayoihusu, na tarehe kila moja lilipotimizwa. Habari hizo kampuni inazo tayari, inalazimika kuziandika katika vitabu vya ndege. Kinachobaki ni kuzitoa nje. FEC Butembo, ambayo wanachama wake ndio wanaojaza viti hivyo na kulipia mizigo hiyo, inaweza kudai jambo hili kwa barua moja, na kampuni itakayojibu kwanza itapata wateja wa mwenzake.

Abiria naye ana sehemu yake. Betri za simu na pawabanki zibaki mkononi, zisiwekwe katika mzigo wa chini. Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 imekataza hata kuzitumia ndani ya ndege, na wanaokwenda Dubai wameshaona. Na ukisikia harufu ya plastiki inayoungua ukiwa umekaa kwenye kiti, usione haya kuita. Mhudumu akikuambia ni kitu cha kawaida, mwambie amwite rubani. Katika Swissair, harufu ndiyo ilikuwa habari ya kwanza.