Viwimbi vya Daubechies na Deni la Wanakiswahili

Ipo dhana iliyokita mizizi vyuoni kwamba hisabati haimhusu mwanafunzi wa Kiswahili. Dhana hiyo haina mashiko, na safari ya kitaaluma ya Ingrid Daubechies, mwanahisabati aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1954, yaudhihirisha udhaifu wake.

Daubechies alihitimu shahada ya uzamifu katika fizikia mjini Brussels mwaka 1980. Mnamo 1988, akiwa mtafiti katika maabara za Bell nchini Marekani, alichapisha makala iliyobadili taaluma ya uchakataji wa ishara. Hapo awali, ishara kama sauti au picha ilichanganuliwa aghalabu kwa mawimbi yasiyo na mwisho. Mawimbi hayo huueleza vyema mlio unaodumu, lakini hayabainishi kwa urahisi mahali hasa palipotokea badiliko la ghafla. Daubechies aliunda mawimbi madogo, laini, yenye mwanzo na kikomo, ambayo kompyuta huyakokotoa kwa namba chache tu. Kazi aliyoifanya baadaye pamoja na wenzake ilitumiwa na FBI kubana picha za alama za vidole, na pia katika muundo wa picha wa JPEG 2000. Alifundisha Princeton, kisha Duke, na mwaka 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuuongoza Muungano wa Kimataifa wa Hisabati.

Linalopasa kumwamsha mwanaisimu ni jina. Wafaransa waliyaita mawimbi hayo 'ondelette', yaani neno lao la wimbi lililotiwa kiambishi cha udogo. Kiswahili kinao uwezo uo huo katika ngeli ya KI-VI: wimbi huwa kiwimbi, mawimbi yakawa viwimbi. Hapana haja ya kukopa.

Wapo watakaodai kuwa istilahi moja haijengi taaluma. Ni kweli. Istilahi isiyotumiwa katika sentensi, darasani na vitabuni, hufia kamusini. Hata hivyo, hoja hiyo yaongeza wajibu, haiuondoi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, ilhali hisabati ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Lawama zisielekezwe kwa wanahisabati pekee. Ni tasnifu ngapi za Kiswahili zinazoandikwa kwa ushirikiano na idara za hisabati?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanakiswahili na wauvuke ua unaotenga idara zao na maabara, la sivyo lugha hii itabaki kuyasifu maarifa isiyoweza kuyaeleza.