Mwenyeji Aliyegeuka Mgeni

Miongozo ya safari za Pemba huandikiwa mtalii wa Ulaya. Humwelekeza atumie dawa za kinga dhidi ya malaria, alale ndani ya chandarua, asiogelee katika vidimbwi. Naye, kwa kuwa anauogopa ugeni wake, hutii. Ninayemhofia zaidi ni mwana wa Kengeja anayerejea likizo kutoka Muscat, London au Dar es Salaam, mizigo imejaa zawadi za jamaa wote, ilhali kwa daktari hakupita.

Hoja yake ni kwamba amezaliwa huko, hivyo malaria haimtishi. Hoja hiyo haina mashiko. Kinga aliyokuwa nayo ilijengwa na maambukizi ya mara kwa mara, nayo hufifia mtu akikaa mbali nayo. Wanawe waliozaliwa ughaibuni hawakuwahi kuwa nayo kabisa. Hao wanahitaji dawa za kinga kama mtalii yeyote, na waendelee kuzitumia baada ya kurudi kama walivyoelekezwa. Mjamzito amwone daktari kabla hajakata tiketi.

Lipo jambo jingine, lisilosemwa sana. Zanzibar imeshusha maambukizi ya malaria hadi chini ya asilimia 1 kwa miaka mingi. Ni fanikio kubwa, lakini lina gharama: bibi na wajukuu waliobaki Kengeja nao hawana tena kinga ya maana. Anayetoka Bara huweza kubeba vimelea bila kuhisi homa. Mbu akimuuma usiku huu, baada ya wiki mbili hivi aweza kumwambukiza mtoto aliyelala chumba cha pili. Chandarua cha mgeni, basi, humlinda na mwenyeji. Ndiyo maana naona jamaa wanaowapigia simu ndugu zao waje kwa Sikukuu, pamoja na kuuliza watapanda boti ya lini, waulize pia kama wamepima. Si utovu wa adabu hata kidogo.

Homa ikizuka kijijini, kipimo kifanyike siku hiyohiyo. Hospitali ya Abdulla Mzee iko Mkoani, wilaya ileile. Ikizuka Muscat au London, hata miezi miwili baadaye, mgonjwa aseme bila kuulizwa kwamba alikuwa Pemba. Daktari wa huko asipoambiwa huenda akadhani ni mafua, na malaria kali haisubiri.

Kuhusu watoto na maji: kichocho bado kipo Pemba, na vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, vikapenya ngozini. Kuwakataza maji yote, hata hivyo, ni kuwaharibia likizo bure, kwa kuwa maji ya chumvi hayana kichocho. Wapelekwe baharini, pwani si mbali. Waliokwisha kuingia kijitoni wapimwe wiki kadhaa baada ya safari, hata kama hawaoni damu katika mkojo. Dawa yake ipo.