Goma: mwenye ulemavu akitaka kulima nyumbani, achague kifaa gani?

Muji wa Goma umejengwa juu ya mawe ya volkano, mengine yalishuka mwaka wa 2002 tu. Udongo wa kupanda unatafutwa mbali, wengine wanaununua. Ndiyo maana lengalenga inapandwa ndani ya mifuko, na miradi mingi inagawa mifuko ile ile kwa kila mutu. Kwa anayetembelea kigari, shida inaanzia hapo: mfuko ukishajaa udongo hausogezeki, na magoti hayapati pa kuingia.

Kinachomfaa ni besani pana, zitobolewe chini, ziwekwe juu ya meza ya mbao yenye nguvu, kimo cha sentimita 70 hivi, chini iwe wazi. Meza ikae karibu na dirisha, la sivyo mimea inarefuka na kuwa nyembamba. Chumba chenye giza? Basi uyoga, wenyewe hauombi jua.

Na maji: bidoni ya lita 20 ni kilo 20, mwenye magongo ataibeba na mkono gani? Ya lita 5 inatosha.

Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu. Lakini mara nyingi wagawaji wanahesabu mifuko tu. Meza hiyo, seremala wa mtaa anaiweza, kama mwenye kigari angeulizwa mbele ya kununua.